Pima uso, funga, ndiyo upige

Nianze na kitu ambacho wauzaji wa simu hawatapenda. Hiyo kamera ya megapikseli 108 uliyoichukua kwa lipa pole pole haimjui susu wako. Haijui kwamba yeye ndiye sababu umeitoa simu mfukoni. Inachojua ni kwamba mbele yake kuna mwanga mwingi au kidogo, na kazi iliyopewa ni kuufanya uwe wa wastani. Zile simu mpya hujaribu kutafuta uso, sikatai, lakini enda kwa harusi yoyote Mwingi au Wote saa saba mchana uone vile zinachanganyikiwa. Bi harusi anatoka fiti. Hema linatoka fiti. Wazee waliokaa chini ya hema wanatoka kama suti zilizovaliwa na vivuli.

Watu husema ni kamera mbaya. Wengine, na hii ndiyo huniuma, husema ni watu wetu ndio "weusi sana kwa picha". Manze, hapana. Shida ni kipimo, na kipimo unaweza kukiambia mahali pa kuangalia.

Ndani ya kila kamera, ya simu au ile ya kuning'inia shingoni, kuna kipimo cha mwanga. Hakijui kama kimeelekezwa kwa mbuzi, kwa mabati au kwa mtu. Kinasoma mwanga unaorudi kutoka kwa kitu, halafu kinafanya hesabu moja tu: kila kitu kilicho mbele yangu, nikikichanganya kwenye sufuria moja, lazima kitoke kijivu cha katikati. Wapiga picha wa enzi za filamu walikuwa wakitembea na kadi ya rangi hiyo, kijivu kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ukipiga majani, ukuta wa matofali, watu waliovaa nguo za rangi rangi siku ya mawingu, hesabu inakubali. Hata hutajua kuna hesabu.

Sasa lete hiyo hesabu Ukambani. Mji wa Kitui uko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita linakaa juu ya kichwa, kivuli cha nyusi kinaingia ndani ya macho, na huku chini kila kitu kinarudisha mwanga. Mchanga wa mto Tiva au Thua ukiwa mkavu, na ni mkavu sehemu kubwa ya mwaka, unaumiza macho. Ongeza mabati mapya, hema jeupe la kukodi, mashati ya kwaya. Kamera inaona weupe huo wote inasema, hapa mwanga umezidi, inapunguza. Na ikipunguza haichagui. Mchanga unatoka kijivu, na uso ambao tayari ulikuwa chini ya mchanga kwa mwanga unazama kabisa.

Geuza. Siku ya mahafali (mimi nilitoka chuo mwaka wa pili, hiyo ni stori ya siku nyingine, lakini mahafali nimehudhuria mengi kuliko wenye digrii, nikiwa na kamera), kuna watu mia wamevaa gauni nyeusi na wamesimama karibu karibu. Kamera inaona weusi, inasema hapa ni giza, inaongeza. Nyuso zinatoka rangi ya jivu, mapaji yameungua, halafu mtu anakuambia, "Buda, umenitoa mweupe, asante." Asante ya nini? Hiyo si rangi yako.

Kwa hivyo hitilafu ni moja, inaenda pande mbili. Dawa yake ni ya zamani na iko kwa kamera nyingi, ila imefichwa kwa menyu ambayo watu hawafungui.

Inaitwa spoti. Badala ya kipimo kuangalia fremu yote, unakiambia kiangalie kipande kidogo, basi. Kwa Nikon ndogo kama D3300 kipande hicho ni kama asilimia 2.5 ya fremu. Canon 700D ni kama asilimia 4. Kama una Canon 1300D, zile unazopata mitumba kwa bei ya kuongea, spoti hakuna; kuna kaka yake anaitwa pashali, anaangalia kama asilimia 10 katikati, na anatosha ukisogea karibu na mtu. Sogea. Watu wa kwetu hawaumi.

Kuna tofauti moja ambayo huwafanya wengi waachane na spoti wakisema ni uongo. Kwa Nikon, spoti hufuata ile nukta ya fokasi uliyochagua. Kwa Canon za bei yetu, spoti inakaa katikati ya fremu, hata kama fokasi umeipeleka pembeni. Sasa wewe umepanga mzee upande wa kushoto, ndiyo hema na watu waonekane kulia, na kile kiduara cha katikati kinaangalia nini? Hema. Umepima hema kwa makini sana. Mzee amezama tena, na mara hii amezama zaidi kuliko ungeacha kamera ijiamulie.

Ndiyo maana spoti bila kufunga ni nusu ya kazi. Unaweka kiduara juu ya shavu la mtu, unafunga ekspoja, unarudisha fremu vile ulitaka, unapiga. Kwa Canon ni kitufe cha nyota upande wa nyuma, kwa kidole gumba. Kwa Nikon nyingi ni kile kimeandikwa AE-L/AF-L, na unakishikilia. Usidanganywe na kubonyeza shata nusu: kwa Canon ukiwa kwa spoti, hiyo nusu inashika fokasi tu, mwanga bado unabadilika ukihamisha kamera. Na nyota ina uvivu wake, ukizubaa sekunde chache inasahau, unaanza upya. Ukichoka na hayo yote, soma namba ambazo spoti imekupa, hamia manyuali, ziweke kwa mkono. Hiyo ndiyo loki ambayo haisahau. Kazi ya siku nzima mahali pamoja mimi huifanya hivyo.

Simu ni rahisi zaidi. Gusa uso, halafu usiinue kidole. iPhone itakuandikia AE/AF LOCK kwa manjano. Android nyingi zitakuonyesha kufuli kadogo. Kando kuna kijijua: kivute chini kidogo au juu kidogo, mwanga unafuata. Kama simu yako haina kufuli, kuna programu ya bure inaitwa Open Camera, kufuli ya ekspoja imo ndani. Hakuna kitu cha kununua.

Pima shavu, upande ulio na mwanga. Paji la uso usilipime. Paji la uso la mtu wa kwetu mchana lina jasho, na kama ni Jumapili lina Arimis, linang'aa kama kioo. Ukilipima, unapima jua.

Hapa ndipo mafunzo mengi ya YouTube hukuacha njiani. Jamaa yuko nchi ya baridi, anasema "pima uso kwa spoti, funga, piga", anaonyesha mfano, rafiki yake anatoka sawa. Wewe unajaribu kwa binamu yako Ikutha, anatoka ametiwa unga. Kwa nini? Rudi kwa sufuria. Kipimo kikiangalia shavu peke yake, bado kinataka litoke kijivu cha katikati. Ngozi ya huyo jamaa ni nyeupe kuliko kijivu hicho, kwa hivyo yeye akipima bila kusahihisha inatoka nyeusi kidogo na hata hajali. Ngozi ya binamu yako ni nyeusi kuliko kijivu hicho, kwa hivyo kamera inampandisha. Spoti imefanya kazi yake vizuri kabisa. Wewe ndiye unatakiwa kumalizia.

Kumalizia ni kupunguza. Stopu moja maana yake ni nusu ya mwanga. Mtu mweusi sana, napima shavu halafu napunguza kama stopu moja. Mtu wa maji ya kunde, theluthi moja ya stopu, au naacha vile ilivyo. Wengi wetu tuko katikati hapo, theluthi mbili. Ansel Adams na Fred Archer walitengeneza mfumo wao wa kanda za mwanga kule Marekani karibu 1940, na majedwali mengi yaliyotokana nao bado yanafundishwa. Ngozi ya Mzungu wanaiweka kanda ya sita, juu ya kijivu. "Ngozi nyeusi" wanaiweka kanda ya tano, kwenye kijivu chenyewe. Neno moja kwa sisi wote! Pita sokoni Kalundu asubuhi moja tu uniambie kama watu wa pale wana rangi moja. Jedwali hilo ni mahali pa kuanzia, macho yako ndiyo yanamaliza.

Na kama hutaki kukisia, tumia kiganja chako. Nyuma ya mkono tunatofautiana, lakini kiganja, uwe Mkamba, Mluo, Msomali au Mswidi, kinakaribiana sana kwa mwanga kinaorudisha, kama stopu moja juu ya kijivu cha katikati. Kiweke kwenye mwanga ule ule ulioangukia uso wa mtu, kipime kwa spoti, ongeza stopu moja, funga. Hujamgusa mtu, hujamsogelea, na hujapima rangi yake hata kidogo. Umepima mwanga ulioko. Mimi huitumia kwa wazee wasiopenda kuelekezewa kamera mara nyingi nikitafuta tafuta.

Kuna kitu kingine kuhusu ngozi nyeusi ambacho nilikielewa kwa kuangalia mbao. Ukitoka Machakos kuja Kitui unapita Wamunyu, kwa wachongaji. Chukua kinyago cha mpingo, kiweke mbele ya dirisha. Unauona uso wa kinyago kwa ile mistari ya mng'aro: daraja la pua, mfupa wa shavu, ukingo wa mdomo. Mwanga ukitoka mbele moja kwa moja, kama fleshi ya simu, unapata doa moja linalong'aa na basi. Ukitoka kando, uso unajichora. Watu ni vivyo hivyo. Kwa hivyo ukipunguza ile stopu, hupotezi kitu, unalinda ile mistari isiungue. Mweupe anasomeka kwa vivuli vyake, sisi tunasomeka kwa mng'aro wetu. Ukiuchoma mng'aro umefuta sura.

Najua kuna wasee wanasoma hii wakisema, si useme tu kamera ni ya kibaguzi. Mimi hutenganisha mambo mawili. Kipimo cha mwanga ni kipofu. Kinamzamisha Mkamba mbele ya hema jeupe na kinamzamisha Mnorwe mbele ya theluji. Rangi ya filamu ni kesi nyingine, hiyo watu waliamua. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za picha Marekani zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Kadi ikaitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa Kodak aliyekuwa wa kwanza kupigwa. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa, dunia yote ipite hapo. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliwahoji watu wa Kodak, na stori aliyoandika 2009 ni ya kuchekesha na kuudhi: kampuni ilianza kushughulikia rangi za kahawia vizuri zaidi kwa sababu watengenezaji wa fanicha na chokoleti walilalamika kwamba mbao na pipi zao hazitofautishwi. Meza ilisikizwa.

Leo mambo yamegeuka kidogo. Kampuni ya Transsion, ile ya Tecno, Infinix na itel, ilijitangaza Afrika kwa kamera zilizorekebishwa kwa ngozi yetu, na ni sehemu ya sababu simu zao zimejaa hapa. Google nao walileta Real Tone kwa Pixel 6 mwaka wa 2021. Poa. Lakini simu hiyo hiyo ina modi ya urembo, na watu wengi hawajui kama imewashwa. Inalainisha, inapandisha, inafuta kovu. Hiyo si kusahihisha kipimo. Ukiniuliza mimi, ni Shirley amerudi kupitia dirishani. Izime.

Sasa niwaambie kwa nini naandika marefu hivi kuhusu kiduara cha asilimia 4.

Mwaka jana familia moja kutoka upande wa Kathonzweni ilinitafuta. Susu wao alikuwa amefariki, mazishi ni Jumamosi, na hii ilikuwa Jumatano usiku. Walitaka picha ya kijitabu cha mazishi, ile ya ukurasa wa mbele, na kubwa ya kuweka kwa fremu kando ya jeneza. Walikuwa na picha zake kumi na nne. Kwa mama wa miaka themanini na kitu ambaye hakuwahi kumiliki simu ya kisasa, kumi na nne ni nyingi. Harusi mbili, ntheo ya mjukuu, ubatizo, Krismasi kadhaa. Karibu zote yuko pembeni, kwa kiti cha plastiki, nyuma yake hema au uwanja unaowaka jua. Maua ya leso yake unaweza kuyahesabu. Bangili unaiona. Uso hakuna.

Mtu wa saiba alikuwa amejaribu tayari. Alikata uso, akavuta mwangaza hadi mwisho, akalainisha. Kilichotoka ni mwanamke wa rangi ya chai ya maziwa asiye na mkunjo hata mmoja. Walinionyesha kwa simu tukiwa sebuleni. Msichana mdogo, mjukuu, akachungulia katikati ya mikono ya watu wazima akasema, bila kulia, bila nini, "Huyu si susu." Hakuna mtu alimkemea.

Nilikaa na hizo picha hadi saa nane usiku. Zilikuwa zimepitishwa WhatsApp mara tatu, nne, kila mara zikibanwa. Watu hudhani ndani ya giza la picha kuna uso umejificha, ukiwa na programu nzuri utautoa. Kwa faili ya JPEG iliyobanwa namna hiyo hakuna aliyejificha. Kamera ilishaamua ule upande ni giza, ikautupa wakati wa kuhifadhi, WhatsApp ikatupa iliyobaki. Ukivuta juu unapata chembechembe na viraka vya kijani na zambarau, na kila programu inayokuahidi uso hapo inakuchorea uso wa kubuni. Mwishowe familia ilitumia ile ya kitambulisho, picha ya fotokopi. Ile picha ambayo kila Mkenya hufanyia yake mzaha. Iliwekwa kwa fremu, ikasimamishwa kando ya jeneza, watu wakapita.

Waliompiga zile kumi na nne walimpenda. Hilo ndilo lilinikaa. Kila mmoja alitoa simu, akainama, akasema "Susu, angalia hapa", akabonyeza. Kugusa shavu lake kwa skrini na kushikilia kidole kungechukua kama sekunde mbili.

Kwa hivyo sasa, kazi yoyote ninayoenda, harusi, ntheo, harambee, kabla ya maharusi na kabla ya maua, naanza na wazee. Silipishi. Natafuta baraza lenye kivuli, linaloangalia nje, na mbele yake pawe na ardhi tupu. Udongo wetu mwekundu ukipigwa na jua unarudisha mwanga wa joto kutoka chini, unajaza zile shimo za macho ambazo jua la saa sita huchimba. Studio za Nairobi hununua vitambaa vya kufanya kazi hiyo. Mwembe pia ni mzuri, na Makueni mwembe hukosi, ila usimkalishe mtu katikati yake, majani yanapitisha madoa ya jua na doa moja likikaa kwa pua picha imeisha. Mkalishe ukingoni, kivuli kikiwa bado kizima. Napima shavu, napunguza theluthi mbili, nafunga, napiga sita. Zote sita zina mwanga mmoja, kwa hivyo nachagua kwa sura yake tu.

Lazima uombe ruhusa, na uombe vizuri, uiname, usalimie kwanza. Susu mmoja upande wa Mutomo aliniangalia kwanza bila kusema kitu, halafu akaniuliza, "Mwana wakwa, hii ndiyo ile mtanizikia nayo?" Nikamwambia, "Hapana, susu, hii ni ya ukutani." Akacheka vile wazee hucheka wakijua umewadanganya kwa heshima. Akasema ukutani ni sawa, lakini ningoje. Akaingia ndani, akarudi na leso nyekundu ambayo hata haikuwa imefunguliwa mikunjo ya dukani, akakaa wima. "Hata kama ni ile nyingine," akasema, "nionekane."

Nilipomwonyesha skrini hakuuliza kama ametoka mzuri. Alichukua kamera kwa mikono miwili, akanifanya nikuze uso hadi shavu, akatafuta kovu dogo lililoko chini ya jicho la kushoto. Akalipata. Akanirudishia kamera.

Kwa video, kufunga ni lazima kuliko hata picha, na hapa nawaongelesha nyinyi wa TikTok. Umesimama vizuri unarekodi watu wakiingia na mbuzi wa ntheo, akina mama wanaimba, halafu mjomba mwenye kanzu nyeupe anakatiza mbele ya lenzi. Kila uso nyuma yake unazama, akipita wanapanda tena. Akirudi, wanazama. Video yako inapumua kama mgonjwa. Gusa uso wa mtu anayeongoza wimbo, funga, punguza kidogo, halafu mjomba apite hata mara ishirini.

Lakini usifunge ukasahau. Mvua za Novemba mawingu hupita haraka, na loki ya kwenye jua ikikutana na wingu inakupa giza. Ukiona kivuli cha ardhini kimepotea, fungua, pima tena. Mtu akihama kutoka jua kuingia barazani, pima tena. Na mkiwa watu kumi wa rangi tofauti kwa picha moja, spoti kwa mmoja haitoshi. Tumia kiganja, ama pima mweusi kuliko wote na mweupe kuliko wote ukae katikati.

Kuna siku pia nataka uso uzame. Saa kumi na mbili jioni pale Nzambani, mtu amesimama juu ya mwamba, napima anga kando ya jua, nafunga, yeye anakuwa mweusi kama wino na mstari wake ni msafi. Hiyo niliitaka mimi, na yeye nilimwambia.

Najua pia swali litakalokuja: na anga je? Ukipima uso, anga inaungua, inakuwa karatasi. Ni kweli. Kama ni lazima nichague, iungue. Watu wa HDR mtaniambia simu inaweza kuvipata vyote, na mara nyingine inaweza, hadi mtu atikise kichwa apate pua mbili. Njia bora haihusu kamera hata kidogo: zunguka. Hatua nne kushoto, na nyuma ya mzee badala ya hema kuna ukuta wa nyumba au ua wa minyaa, na kipimo kinatulia chenyewe. Hapo hata spoti huhitaji sana. Ila kwa sherehe za kwetu mzee ameshakalishwa, kiti kimeshapangwa, MC ameshashika maikrofoni, na huwezi kumwambia mtu wa miaka themanini ahame kwa ajili ya mandhari yako.

Jumamosi niko Kibwezi kwa harusi. Ukiniona nimepiga magoti mbele ya akina susu na kamera, usinipigie kelele kwamba maharusi wamekaribia. Wamesema saa nne. Nitakuwa nimemaliza safu yote ya mbele, na chai nimekunywa, kabla hatujasikia honi ya kwanza.